Nyasi bandia kwenye udongo mweusi: Mzigo mkubwa uko chini ya kapeti

Nyasi bandia, au kapeti la nyasi kama wateja wengi wanavyoliita, si bidhaa ngeni tena katika maduka ya Kariakoo, Nairobi na Kampala. Nyingi hutengenezwa China, hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka hapo husambaa hadi mipakani: Namanga, Busia, Rusumo, Tunduma. Zamani wanunuzi wakubwa walikuwa wenye viwanja vya mpira na mahoteli. Siku hizi yumo pia mwenye nyumba mwenye ua mdogo wa mita nne kwa sita, ambaye amechoka na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika.

Mteja huyo ndiye anayeleta faida, na ndiye anayeleta kesi. Anauziwa mwezi Januari udongo ukiwa mkavu, anatandikiwa kwa siku moja, na picha zinapendeza. Mvua za masika zikishika, kapeti linafura katikati, pembeni linazama, maji yanasimama siku tatu, na simu inapigwa kwa muuzaji, si kwa fundi. Mara nyingi jora lenyewe halina kasoro yoyote. Kasoro iko kwenye ardhi, na kazi ya ardhi haikuwamo katika bei.

Hasara ya namna hii huwapata zaidi wanaouza katika maeneo ya udongo mweusi unaonata, ule unaoitwa udongo mweusi wa pamba. Uko kwa wingi Athi River, Kitengela, Syokimau na sehemu kubwa ya mashariki ya Nairobi, katika tambarare za Kajiado kuelekea Namanga, katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu, na upande wa Tanzania katika maeneo ya mbuga ya Shinyanga, Simiyu na Mwanza. Ni ardhi nzuri kwa pamba na mpunga, lakini ni ardhi mbaya kwa kitu chochote kinachotakiwa kukaa sawasawa.

Udongo unaovimba na kusinyaa

Udongo huu una aina ya mfinyanzi ambayo chembe zake hufyonza maji na kuvimba. Ukikauka husinyaa, na nyufa zinazopasuka wakati wa kiangazi zinaweza kuingiza mkono wa mtu mzima. Mwendo huu wa kupanda na kushuka hurudi kila msimu. Ndiyo maana wajenzi wa Kitengela huuchimba wote na kuutoa kabla ya kumwaga msingi wa nyumba, hata ukiwa na kina cha zaidi ya mita moja.

Kwa ua wa nyumbani hakuna anayekubali gharama ya kuchimba mita moja kwa ajili ya kapeti. Kwa hiyo kazi ya ua ni ya maelewano na udongo: sehemu yake inaondolewa, na ile inayobaki inazuiwa isilowe na kukauka ghafla. Anayelielewa hili la pili ameshaelewa sehemu kubwa ya kazi.

Kuutambua udongo huu hakuhitaji maabara. Chukua konzi moja, ilowanishe kidogo, isokote kati ya viganja mpaka iwe kama kamba nyembamba, kisha ipinde iwe pete. Pete ikikubali bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito. Jaribio la pili ni la maji. Chimba shimo la sentimeta 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, halafu pima maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimeta mbili na nusu, ardhi hiyo haipitishi maji vizuri. Katika udongo mweusi uliokwisha kulowa, mara nyingi maji hukutwa palepale kesho yake. Muuzaji anayemwomba mteja afanye majaribio haya mawili kabla ya kulipa anapoteza siku moja tu.

Beseni lililofichwa

Kosa linalorudiwa zaidi linaanza na nia njema. Fundi amesikia kwamba nyasi bandia zinahitaji kokoto chini yake ili maji yapite. Anachimba sentimeta 15, anajaza kokoto, anasawazisha, anatandika. Katika udongo mwekundu wa Moshi au wa viunga vya Kiambu, ambao hupitisha maji vizuri, kazi hiyo inadumu. Katika udongo mweusi fundi huyo ametengeneza beseni. Maji ya mvua yanapita kwenye matundu ya kapeti, yanashuka katikati ya kokoto, yanafika kwenye mfinyanzi na kukosa pa kwenda. Yanakaa hapo yakiulowesha udongo kidogo kidogo, nao unavimba. Kiangazi kikija, unasinyaa na kokoto zinazama kwenye nyufa.

Kwa hiyo katika udongo mweusi maji hayatakiwi kuingia ardhini. Yanatakiwa kutoka nje ya ua. Tofauti hii ndiyo inayoamua mpangilio wa tabaka zote.

Mpangilio unaofaa huanza kwa kuondoa sentimeta 25 za udongo mweusi, zaidi pale ambapo bajeti inaruhusu. Sakafu ya shimo hupewa mteremko, sentimeta mbili kwa kila mita, kuelekea upande ambao maji yanaweza kutoka. Juu yake hutandikwa kitambaa kizito cha ujenzi kinachotenganisha udongo na kifusi, kile cha nyuzi zilizoshindiliwa ambacho hutumiwa pia kwenye barabara. Bila kitambaa hiki mfinyanzi hupanda na moramu huzama, na baada ya misimu miwili vimechanganyika.

Kisha huja moramu, sentimeta 15 baada ya kushindiliwa. Moramu nzuri ikishindiliwa ikiwa na unyevu kidogo hushikana na kuwa kama bamba, na ubora wake hapa ni kwamba haipitishi maji kirahisi. Imwagwe kwa tabaka mbili, kwa sababu mashine ndogo ya kushindilia haifiki chini ikipewa sentimeta 15 kwa mkupuo mmoja. Juu ya moramu, ambayo nayo imefuata mteremko uleule, hukaa kokoto ndogo za sentimeta saba na vumbi la kokoto la sentimeta tatu. Hapa ndipo maji husafiri: yanapita kapeti, yanashuka kwenye kokoto, yanagonga moramu na kuteleza hadi kwenye mfereji wa pembeni wenye bomba la matundu.

Wapo mafundi wanaoongeza karatasi nzito ya nailoni juu ya moramu, ile inayotumika chini ya sakafu za zege. Inasaidia, kwa sharti kwamba mteremko upo na bomba la kutolea maji lipo. Bila hivyo ni bwawa.

Swali la bomba linamwagia wapi huwa gumu katika ua mdogo, hasa wenye ukuta pande zote. Katika ploti za futi 50 kwa 100 nyumba imemeza sehemu kubwa na kilichobaki kimezungushiwa ukuta. Jibu la kawaida ni kutoboa ukuta chini kabisa na kupitisha bomba hadi mtaro wa barabarani. Hapo fundi anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na mahali pengine ya mamlaka ya mtaa. Kulipeleka bomba kwenye shimo la kufyonza maji ndani ya ua hakufai, kwani shimo hilo litajaa kama ua wenyewe ulivyojaa. Kumwagia kwa jirani ni ugomvi.

Maji ya bati nayo yasisahaulike. Paa lisilo na mifereji humwaga maji mengi kwenye ukanda mwembamba wa ua kuliko mvua inayouangukia moja kwa moja, na hapo hapo ndipo kapeti huanza kufura. Kuweka mifereji ya bati, au kuisogeza mbali ile iliyopo, wakati mwingine huokoa kazi yote kwa gharama ndogo. Ni vivyo hivyo kwa tangi la maji linalofurika na bomba la bustani lenye kuvuja.

Jambo jingine la ua mdogo ni msingi wa ukuta. Kuta nyingi za uzio zimejengwa kwenye msingi mfupi, na kuchimba sentimeta 25 zikiwa zimeshikana na ukuta wa namna hiyo ni kucheza na bahati. Ni salama zaidi kuacha ukanda wa sentimeta 30 usiochimbwa kwa kina, ujazwe kokoto za mapambo au uwekewe zege jembamba. Na mfuniko wa shimo la maji taka ubaki ukifunguka. Mteja anayelazimika kukata kapeti ili gari la kunyonya maji taka lifanye kazi hatamshukuru aliyemuuzia.

Chokaa badala ya safari za lori

Pale ambapo moramu iko mbali au lori haliingii mtaani, kuna njia ambayo wajenzi wa barabara wameitumia kwa miaka mingi: kuchanganya udongo mweusi na chokaa iliyozimwa. Chokaa hubadilisha tabia ya mfinyanzi, ukapungua kunata na kuvimba. Kiasi kinachotumika mara nyingi ni asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Kwa ua wa mita 24 za mraba na tabaka la sentimeta 15, hiyo ni takriban mifuko kumi ya kilo 25.

Ugumu uko kwenye kuchanganya. Madonge ya udongo mweusi lazima yapondwe mpaka yawe madogo kama punje za mahindi, la sivyo chokaa inabaki nje ya donge na ndani kunabaki mfinyanzi uleule. Mchanganyiko huachwa siku moja au mbili ukiwa na unyevu, kisha hushindiliwa. Chokaa huunguza macho na ngozi, hivyo glavu na miwani ni lazima, na watoto wakae mbali.

Kuhusu wakati wa kufanya kazi, soko na udongo havipatani. Wateja wengi hutaka ua uwe tayari kwa Krismasi au mara baada ya mwaka mpya. Udongo ukichimbwa ukiwa umepasuka kwa ukame, tabaka linalojengwa juu yake litanyanyuliwa udongo utakapolowa. Ukichimbwa katikati ya mvua, mashine ya kushindilia huugeuza uji. Wakati unaofaa ni wiki chache baada ya mvua kwisha, udongo ungali na unyevu wa wastani: Juni, au Januari ya mapema baada ya vuli nzuri. Muuzaji anayekubali oda ya Februari kavu katika eneo kama Kitengela aongeze kina cha moramu au aandike tahadhari kwenye ankara.

Hesabu ya mzigo

Wasafirishaji wanastahili kuiangalia kazi hii kwa jicho lao. Ua wa mita nne kwa sita unahitaji mita za mraba 24 za nyasi. Nyasi za urefu wa milimita 35 huwa na uzito wa karibu kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba, maana yake nyasi zote za ua huo ni kilo 60 hivi. Zinaenea kwenye buti la gari dogo.

Sasa chini yake. Udongo unaotolewa ni mita sita za ujazo, na ukishachimbwa hulegea na kufika karibu nane. Uzito wake ni tani 10 au zaidi kidogo. Moramu, kokoto na vumbi vinavyoingia, vikiwa bado havijashindiliwa, ni karibu mita saba na nusu za ujazo, yaani tani 11 hivi. Kwa ajili ya kilo 60 za nyasi zinasafirishwa tani zaidi ya 20, sawa na safari tatu au nne za lori la tani saba, bila kuhesabu toroli za kupita kwenye kichochoro. Bei ya nyasi hutangazwa kwa mita ya mraba, lakini katika udongo mweusi mteja anapaswa kupewa bei mbili: ya kapeti na ya kitanda chake. Muuzaji mwenye lori, au mwenye makubaliano na mwenye lori, anaweza kupata kwenye kifusi zaidi ya anachopata kwenye jora.

Udongo unaotolewa uwe na mahali pa kwenda kabla haujachimbwa. Haufai kujazia misingi, na ukimwagwa kwenye mtaro wa mvua unaziba mtaa mzima. Wenye mashamba ya mboga wakati mwingine huuchukua.

Kukata nako kuna hesabu yake. Jora la kawaida lina upana wa mita mbili na urefu wa mita 25. Ua wa nne kwa sita ukitandikwa kwa vipande vya mita nne unahitaji vipande vitatu na maungio mawili. Ukitandikwa kwa vipande vya mita sita unahitaji viwili na ungio moja. Ungio ndipo kapeti hufunguka kwanza ardhi ikicheza, kwa hiyo njia ya pili ni bora, na kwa kuacha sentimeta kumi za ziada kila kipande jora moja linatosha ua mbili za namna hiyo. Nyasi za vipande vyote zielekee upande mmoja, la sivyo vitaonekana kama rangi mbili. Jora likunjuliwe na kuachwa juani saa kadhaa kabla ya kukatwa ili mikunjo itoke.

Majora ya upana wa mita nne huondoa ungio kabisa, lakini yana tabu yake njiani. Jora la mita nne kwa 25 linakaribia kilo 250 na halipindwi bila kuacha alama. Katika kontena la futi 40, lenye urefu wa ndani wa mita 12 na sentimeta chache, yanaingia matatu yakifuatana kwa urefu. Kwenye pikapu ndogo ya kutoka mpakani haliingii. Kwa wauza ua wadogo, jora la mita mbili, ambalo watu wanne hulibeba, bado ndilo la biashara.

Misumari isipigwe kwenye udongo mweusi wenyewe, kwani udongo ukisinyaa msumari unabaki ukielea. Ipigwe kwenye moramu, au kapeti lishikwe kwenye kingo za zege zilizojengwa juu ya tabaka lililoshindiliwa. Mchanga wa kunyunyiza juu, kilo tano hadi kumi kwa mita ya mraba, uwe mkavu na uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi na maganda ya kombe, na kuuchota ufukweni ni kujitafutia kesi nyingine.

Jora lilelile, ardhi nyingine

Mfanyabiashara anayeuza nje ya mpaka asidhani maelezo ya Kitengela yanafaa kila mahali. Dar es Salaam na Mombasa, penye kichanga, maji si tatizo. Tatizo ni mchanga kukimbia, kwa hiyo kingo imara na kitambaa cha chini vina kazi kubwa kuliko kina cha kifusi. Goma, mji ambao lava ya Nyiragongo iliupita katikati mwaka 2002, ua nyingi ni mawe meusi yenye makali. Hapo hakuna haja ya kuchimba kabisa. Kinachohitajika ni kujazia mashimo kwa kokoto na vumbi mpaka makali yasiguse kapeti, na maji yatajipitia yenyewe. Penye sakafu ya zege au vitofali vya kutandika barazani, ni bora kuviacha na kutandika juu yake ikiwa vina mteremko.

Forodha

Kwenye karatasi, nyasi bandia zilikuwa zikiingizwa pamoja na makapeti mengine. Tangu marekebisho ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa yaliyoanza kutumika Januari 2022, zina vifungu vyake: 5703.21 kwa zile za nailoni na 5703.31 kwa zile za nyuzi nyingine za kutengenezwa, zikiwamo za polithini ambazo ndizo nyingi kwa majumbani. Ankara ya zamani yenye 5703.30 inaweza kuchelewesha mzigo.

Cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakiwezi kusaidia hapa. Kinahusu bidhaa zenye asili ya jumuiya, na jora la kutoka China haligeuki kuwa la Kenya kwa kulala ghalani Nairobi. Nchi ya mwisho itajwe tangu bandarini. Mzigo uliotolewa kwa matumizi ya Kenya kisha ukapelekwa Namanga huleta mvutano wa kodi, hata kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa hapo Desemba 2018.

Kuna pia wanaokumbuka kwamba Tanzania, katika bajeti ya 2021/22, ilitangaza kusamehe kodi ya ongezeko la thamani kwenye nyasi bandia. Msamaha huo ulilenga viwanja vya mpira. Nyasi za ua wa nyumbani hazikuwamo, na wakala anayeahidi vinginevyo aulizwe kifungu.

Kinachobaki ni ankara ya mteja. Dhamana ya kiwandani kwa kawaida hugusa kufifia kwa rangi na kung'oka kwa nyuzi, haigusi mwendo wa ardhi. Kwa hiyo ankara iseme wazi kama kilichouzwa ni jora peke yake au ni jora na kitanda chake, na kama ni kitanda, iandike kina cha moramu, upande wa mteremko na mahali bomba linapotokea. Picha tatu zipigwe kabla kapeti halijafunika kitu: shimo tupu, moramu iliyoshindiliwa na bomba kwenye mfereji. Simu ya Aprili ikipigwa, mazungumzo yataanzia hapo.